Somo: Umealikwa harusi Uchaggani mwezi wa kumi na mbili na huna kwenu huko. Utafikaje, utalala wapi?

Wakuu, kadi zimeshaanza kusambaa, kwa hiyo naliweka somo hili mapema. Linamhusu mtu aliyealikwa harusi Kilimanjaro kati ya Krismasi na mwaka mpya, anatoka Dar, Mwanza, Mombasa au kokote, na Moshi anaijua kwa kupita tu akienda Arusha. Wenye kwao huko mnaweza kuruka hadi kwenye maswali, ingawa nyie ndio mnaoongoza kumwambia mgeni "we njoo tu, utalala nyumbani", halafu akifika anakuta sebule ina magodoro ukuta hadi ukuta na shangazi wanne wameshajigawia vyumba.

Kwenye kamati za ukoo wetu mimi hutupiwa upande wa usafiri na malazi, kwa hiyo ninayoyaandika ni yale ambayo wageni hunipigia simu kuyauliza saa sita usiku, wakati hakuna tena cha kufanya.

Hatua ya 1: Soma kadi yote, siyo jina lako tu

Kadi ina sehemu mbili: ibada na sherehe. Mara nyingi haziko mahali pamoja. Ibada inaweza kuwa Marangu saa nane mchana, na ukumbi uko Moshi mjini kuanzia saa moja usiku. Hapo katikati kuna kama kilomita 40 za barabara: unashuka mlima hadi Himo, kisha unakamata barabara kuu. Na mtu akikwambia "harusi iko Moshi", muulize Moshi ipi. Kibosho, Uru na Old Moshi ziko juu ya mji, unapanda moja kwa moja. Machame unaingilia barabara ya Arusha. Rombo unapitia Himo na Marangu, kisha unaendelea mbele, na kama ni Tarakea jua umeshafika mpakani na Kenya. Wote hao watakuandikia "karibu Moshi".

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalowaponza wageni kuliko yote: lala sherehe inapoishia, siyo ibada inapoanzia. Mchana usafiri upo. Noah zinapanda na kushuka, bodaboda wamejaa, na ndugu wa bwana harusi wana magari yenye nafasi. Usiku wa manane mambo hugeuka. Simama mlangoni mwa ukumbi wowote wa Moshi saa saba usiku uone: akina mama wameshika viatu mkononi, watoto wamelala mabegani, Coaster iliyokodiwa na kamati dereva wake haonekani, na bajaji mbili zilizobaki zinataja bei kama za taksi ya uwanja wa ndege. Aliyepanga chumba dakika tano kutoka ukumbini ameshaoga. Aliyepanga kule karibu na kanisa, kwa sababu picha za mtandaoni zilikuwa na migomba na maporomoko ya maji, bado anatafuta mtu wa kumpandisha mlimani.

Hatua ya 2: Chumba kwanza, gauni baadaye

Desemba Moshi inapokea mikondo miwili kwa pamoja. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe, na watalii wanakuja kupanda Kilimanjaro, kwa kuwa mvua za vuli zinaelekea mwisho na msimu wa kiangazi wa Januari na Februari unakaribia. Ndiyo maana hoteli ambayo Mei ilikuwa inakubembeleza, Desemba inakujibu kwa dola. Ukipiga simu, uliza mapema bei ya mkazi. Ipo sehemu nyingi, ila hawaitaji mpaka uulize.

Kwa mgeni wa harusi naona kuna njia tatu. Ya kwanza ni hoteli na loji za katikati ya mji, karibu na stendi na soko: ni rahisi kufika, kelele zipo. Ya pili ni Shanty Town, upande wa juu wa mji, mitaa yenye miti na utulivu, na huko zimo pia hosteli za kanisa ambazo ni safi na bei yake haiumizi. Ya tatu ni nyumba nzima ya kukodi kwa siku, mkiwa kundi. Kundi la watu sita wanaofahamiana, nyumba huwa nafuu kuliko vyumba vitatu, na mnapata jiko la kupikia chai na mahali pa akina dada kupambana na vioo bila kusukumana.

Kabla hujatuma hela, uliza haya. Geti linafungwa saa ngapi? Hili kwa hosteli za kanisa ni swali la lazima, kwa sababu zipo zinazofunga saa tano, na saa tano ndipo MC anakuwa anawaita watu wa chakula. Maji ya moto yapo kweli? Umeme ukikatika kuna jenereta? Pasi ipo? Asubuhi wanataka utoke saa ngapi? Wengi husema saa nne, na wewe saa nne ndio kwanza unajigeuza. Zungumza nao kabla.

Malipo ya awali tuma kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la hoteli, na uhakiki jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu binafsi, ahirisha. Msimu huu matapeli nao wana bajeti ya sikukuu.

Hatua ya 3: Safari ya kwenda

Kutoka Dar ni kilomita 560 hivi: Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Mwanga, Himo, Moshi. Kwa basi hesabu siku nzima. Mabasi yanatoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na baadhi ya kampuni zina ofisi zao Shekilango. Hakikisha tiketi yako inasema unapandia wapi, maana ukiwa Kigamboni na basi ni la saa kumi na mbili alfajiri, huwezi kubahatisha. Tangu safari za usiku ziruhusiwe tena mwaka 2023 kuna mabasi ya jioni yanayofika Moshi alfajiri. Mimi simshauri mtu afike na la usiku siku ileile ya ibada. Utaonekana kwenye kila picha umefumba macho.

Tiketi kata kwa mfumo wa kielektroniki au ofisini kwa kampuni. Nauli elekezi za LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, zipo, lakini mpiga debe wa tarehe 23 Desemba hazijui, na kiti anachokuuzia pengine ni ndoo iliyogeuzwa.

Ndege ni saa moja hivi hadi KIA, uwanja ulioko Hai, kati ya Moshi na Arusha. Kutoka hapo hadi Moshi mjini ni karibu kilomita 40. Tahadhari mbili. Usikate tiketi ya uwanja wa Arusha ukidhani ni palepale. Ule uko ng'ambo ya jiji la Arusha na utarudi nyuma kilomita 90 hivi. Na saa za tiketi ya ndege siyo saa zetu: 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Wapo wanaofika uwanjani mchana wakiwa na amani tele.

Wenye magari: ukishavuka Chalinze heshimu vibao vya 50. Trafiki wa njia hiyo wana tochi za kupima mwendo, na subira.

Hatua ya 4: Kurudi

Kata tiketi ya kurudi siku ileile unayokata ya kwenda. Kuanzia tarehe 2 Januari wote waliopanda mlimani wanashuka, kazi zinaanza, shule zinakaribia. Hakuna la kuongeza.

Hatua ya 5: Begi

Nguo ya harusi isipande buti la basi. Ikunje vizuri, iweke kwenye begi dogo la juu, maana begi la buti likishushwa Same kimakosa, kitenge cha sare hakina mbadala. Beba sweta hata kama Moshi mjini kuna joto: Marangu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jua likizama utaelewa. Ukisahau, Memorial pale mjini kuna mitumba ya kila sweta. Viatu vya kisigino kirefu vivae mlangoni mwa kanisa, siyo kabla. Mvua ikinyesha kidogo tu, ule udongo mwekundu wa migombani hauna huruma. Na kadi yenyewe, ile ya mwaliko, iwe kwenye pochi. Kamati ya mlangoni haitambui "niko kwenye grupu la WhatsApp".

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mombasa: Ndugu, sisi twaja watu wanane, harusi ni Marangu. Wengine watuambia tupite Nairobi na Namanga, wengine Lungalunga na Tanga. Njia ipi?

Jibu: Zote hizo mnazunguka. Nendeni Voi, mkate kushoto hadi Taveta, mvuke Holili. Mkitoka mpakani mpo karibu kabisa na Himo, na Himo ndipo mnapoanza kupanda Marangu. Hata treni ya Mombasa–Nairobi inayosimama Voi inawasaidia, mkishuka hapo mtafute gari la Taveta. Pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ziwepo, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mkija na gari lenu, shughulikieni bima ya COMESA kabla ya kufika mpakani.

Mwanachama wa Dodoma: Mkuu, SGR inafika Moshi? Nataka kuja kwa raha zangu.

Jibu: Haifiki. SGR yetu, ile reli ya kisasa, kwa sasa inabeba abiria Dar, Morogoro na Dodoma. Treni ya Moshi na Arusha inatumia reli ya zamani. Ilirejea Moshi Desemba 2019 baada ya kulala miaka mingi. Inasafiri usiku na ina mabehewa ya kulala, lakini haiendi kila siku, kwa hiyo uliza TRC, shirika la reli, ratiba ya wiki hiyo. Kwako Dodoma basi la kupitia Babati na Arusha ndilo jepesi.

Mwanachama wa Tabata: Kadi yangu ni single, nina mtoto wa miaka minne. Nimwache wapi?

Jibu: Dada, kanisani njoo naye bila wasiwasi. Ukumbini kiti ni kimoja na sahani ni moja, na sherehe inakwenda hadi usiku mkubwa. Mpigie aliyekupa kadi, siyo mwenyekiti wa kamati, umuulize kama nyumbani kwao atabaki mtu na watoto. Mara nyingi yupo binti anayebaki na watoto wa ukoo. Ukikosa, na mpo wazazi kadhaa hotelini, changeni mumlipe dada mmoja mnayemfahamu.

Mwanachama wa Tanga: Mimi ni Muislamu. Chakula cha huko nile kwa amani?

Jibu: Kwenye sherehe nyingi mchinjaji ni Muislamu, makusudi, ili wageni wote wale, na hiyo ni pamoja na ndafu, yule mbuzi mzima anayeletwa mbele ya maharusi. Hata hivyo uliza kamati mapema, wala hawaoni vibaya. Pa kuwa makini ni kwenye baa na vibanda vya nyama njiani, kwa sababu kitimoto, yaani nguruwe, huku ni mwenyeji. Mbege ni pombe, hata ukiambiwa "ni uji tu". Misikiti mjini ipo, Ijumaa haikupiti.

Mwanachama wa Kinondoni: Wakwe wa rafiki yangu wamesisitiza nilale kwao Kibosho. Nikienda hotelini si nitaonekana najidai?

Jibu: Ukikataa moja kwa moja, ndiyo. Usikatae; badilisha siku. Waambie usiku wa harusi utabaki mjini na wenzako ili msiwasumbue kufungua geti alfajiri, na kesho yake unapanda kuwasalimia na kulala. Nyumba siku hiyo imeshapumua, mama ana muda wa kukaa na wewe, na mtori utaupata wa moto. Usiende mikono mitupu: sukari, mchele, sabuni na mafuta ya kupikia vinapokelewa kwa furaha kuliko keki ya dukani. Choo pengine kipo nje na njia ni ya migombani, kwa hiyo simu iwe na chaji ya tochi.

Mwanachama wa Morogoro: Bajeti imekaza. Nikimaliza sherehe nipande basi la usiku uleule nisilipe chumba, inawezekana?

Jibu: Mabasi ya usiku kutoka Arusha kwenda Dar yanapita Moshi jioni na mapema usiku, wakati huo ukumbini ndio kwanza maharusi wanaingia. Utachagua kukosa basi au kukosa chakula. Afadhali mtafutane watatu kwenye grupu la harusi, mchukue chumba kimoja chenye vitanda viwili. Ila waulizeni wa hoteli mapema kama wanatoza kwa chumba au kwa kichwa, na kama chai ya asubuhi ni ya wawili au ya wote.