Kabla ya Kwenda Kupimwa Shombo la Ukeni

Jambo la kwanza ndilo gumu kuliko yote: usijioshe ndani. Mwanamke anayekwenda kumwona daktari kwa sababu ya harufu anataka afike akiwa msafi. Asubuhi ile ile ataingia bafuni na sabuni, mwingine na ndimu, mwingine na shabu aliyopewa na somo wake, asuuze mpaka ndani. Haya ndiyo inayomtuma, na simlaumu. Ila akishafika maabara, kilichopaswa kuonekana kimeshapita kwenye mfereji wa bafu. Osha nje tu kwa maji, na huko ndani paache kama palivyo kuanzia siku moja au mbili kabla ya kipimo.

Kwa kweli huko ndani hapakuwa pachafu tangu mwanzo. Mwaka 1892 daktari Mjerumani, Albert Döderlein, alieleza vijidudu vyenye umbo la kijiti vinavyoishi ukeni mwa wanawake wazima wa afya. Leo tunaviita laktobasili, na vina undugu na vile vinavyogandisha maziwa yakawa mtindi. Homoni ya istrojeni huzifanya chembe za ukuta wa uke ziweke akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Sukari hiyo ikivunjwavunjwa, laktobasili hula na kutoa asidi ya laktiki, na uke unakuwa mchachu, pH yake (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukizidi) ikiwa chini ya 4.5. Katika uchachu huo vijidudu vingi vya maradhi havistawi. Anayeingiza sabuni anauzima uchachu huo na kuwafukuza walinzi wake mwenyewe.

Vajinosisi ya bakteria, ambayo wengi huijua kwa kifupi cha BV, hutokea pale walinzi hao wanapopungua, nafasi yao ikachukuliwa na kundi jingine: Gardnerella, Prevotella na wenzao wasiopenda oksijeni. Wengi wao huwamo kidogo kidogo hata kwa mwanamke mzima wa afya. Wakishazidi hutengeneza kemikali jamii ya amini, mojawapo ikiwa ile ile inayompa samaki aliyelala shombo lake. Kwa hiyo Waswahili waliposema “shombo” hawakuwa wakifananisha tu.

Hapo ndipo linapotoka jambo la pili, kupumzika na tendo la ndoa kwa saa 24 hivi kabla ya kipimo, na kutokwenda siku za hedhi ikiwezekana. Shahawa na damu hazina uchachu. Zikiwa ukeni, karatasi ya pH itasoma juu hata kama huna tatizo. Ndiyo sababu pia harufu huchomoza zaidi baada ya tendo au wakati wa hedhi: amini zikikosa asidi ya kuzishika, huruka hewani. Ukiwa umeona hivyo nyumbani, mwambie daktari, ni dalili ya maana kuliko unavyodhani.

La tatu, usianze vidonge vya duka la dawa. Unamweleza muuzaji “natokwa na uchafu”, anakupa dawa ya fangasi, na wiki ya pili anakupa ya “UTI sugu”. Fangasi kwa kawaida huwasha, ute wake ni mzito kama maziwa yaliyokatika, na hauna shombo. Ute wa BV ni mwepesi, wa kijivujivu au mweupe, na mara nyingi hauwashi. Hata hivyo macho peke yake hudanganya, na mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo watu hulipita: usipime uzito wa hali hii kwa maumivu. Kidonda kikiingia vijidudu unajua kitakachofuata, kitavimba, kitakuwa chekundu, kitatunga usaha. Usaha ni mizoga ya chembe nyeupe za damu zilizokwenda vitani. Katika BV usaha huo hauonekani, chembe nyeupe ni chache, na wanawake wengi hawasikii chochote kabisa. Ndiyo maana madaktari waliiita vajinosisi, wakaepuka jina la kitabibu lenye maana ya uvimbe.

Ukimya huo si amani. Kinga imeshaona kuna jambo, na ishara za kuwasha moto, hasa ile iitwayo interlukini-1 beta, huwa zimepanda. Kinachokosekana ni mwito wa kutosha wa kuziita zile chembe za mstari wa mbele. Huku nyuma wageni, Gardnerella na wenzake, wanafanya kazi yao. Wana vimeng'enya vinavyokata ute unaofunika ukuta wa uke, na vingine vinavyozivunja kingamwili zilizomo kwenye ute huo. Gardnerella ana sumu inayotoboa matundu kwenye chembe za ukuta wenyewe. Halafu hujenga utando, mithili ya ule ukungu unaonata kwenye meno, wakajificha chini yake. Ni kama nyumba iliyoingiwa na wezi mlinzi akakohoa tu getini: wezi wanajua wameonekana, lakini hakuna anayekuja.

Hasara kubwa ipo hapa. Ukuta uliochakaa na ishara zile za moto huvuta karibu chembe za kinga ziitwazo CD4, na hizo ndizo chakula cha VVU. Ushahidi wake mwingi umetoka kwetu. Mwaka 1997 watafiti wa Rakai, Uganda, walionyesha kuwa BV na VVU hukutana kwa mwanamke mmoja mara nyingi kuliko bahati tupu. Miaka miwili baadaye, utafiti uliowafuatilia wanawake wa Mombasa ulionyesha kuwa waliokosa laktobasili walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata VVU na kisonono. Na mwaka 2012, katika utafiti wa wenza kutoka nchi saba za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, wanaume ambao wake zao walikuwa na VVU pamoja na BV waliambukizwa zaidi ya mara tatu kuliko wale ambao wake zao walikuwa na VVU bila BV. Kwa hiyo siku hiyo hiyo ya kipimo jiandae kupima VVU na magonjwa mengine ya zinaa. BV yenyewe haina maana kwamba mtu ametoka nje ya ndoa, na mume asiifanye kesi.

Andika mapema kwenye simu: hedhi ya mwisho, kama una mimba, dawa ulizotumia mwezi huu, kama una kitanzi, na mara ngapi hali imekurudia. Ukifika ukiwa na aibu utasahau nusu.

Uliza pia utapimwa vipi. Vituo vingi hutibu kwa kuangalia dalili tu, na pasipo maabara hilo linaeleweka. Palipo na hadubini, daktari hutafuta angalau mambo matatu kati ya manne, utaratibu uliowekwa mwaka 1983: ute mwepesi ulio sawasawa, pH zaidi ya 4.5, shombo linalotoka ute ukidondoshewa alkali (kemikali iliyo kinyume cha asidi), na chembe za ukuta wa uke zilizogandwa na bakteria mpaka kingo zake hazionekani. Maabara kubwa hupaka rangi ya Gram, ya kutofautisha bakteria chini ya hadubini, na kutoa alama ziitwazo za Nugent, 0 hadi 10, na kuanzia 7 ni BV.

Ukipewa metronidazoli, ile wanayoiita Flagyl, jiandae kumaliza dozi, mara nyingi siku saba, hata kama harufu imekata siku ya tatu. Utando ule haung'oki kirahisi, na kwa wanawake wengi, zaidi ya nusu katika baadhi ya tafiti, hali hurudi ndani ya mwaka. Dawa inaua wageni lakini haiwarudishi walinzi bora, laktobasili wa aina ya Lactobacillus crispatus. Anayerudi kwanza mara nyingi ni ndugu yao Lactobacillus iners, mlinzi wa kusuasua.

Na kama imekurudia, nenda na mwenzi wako. Kwa miaka mingi mwanaume aliambiwa hahusiki. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya wenza waliotibiwa pamoja, mwanaume akimeza metronidazoli na kupaka krimu ya klindamisini kwenye uume kwa siku saba. Katika wiki 12 BV ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake. Pale alipotibiwa mwanamke peke yake ilirudi kwa asilimia 63.

Maandalizi haya yote hayamhusu mwenye homa, maumivu makali chini ya kitovu, au mjamzito anayetokwa na damu au maji. Huyo asisubiri hedhi iishe wala saa 24 zipite. Aende sasa hivi, hata kama ametoka kuoga.