Sindano kwenye uvimbe wa mdomoni na kooni: ninavyochukua sampuli

Kabla ya sindano, vaa glavu uupapase uvimbe kwa kidole. Ukidunda kama mapigo ya moyo, usichome. Huenda ni mshipa, na damu ikivujia kooni huweza kuziba njia ya hewa.

Mgonjwa akae wima, kichwa kiegemezwe. Mimi hutumia sindano nyembamba ya geji 23 (geji ni kipimo cha unene wa sindano) kwenye bomba la mililita 10. Ingiza, vuta mchi wa bomba kidogo ili unyonye, peleka sindano mbele na nyuma mara kadhaa ikiwa ndani ya uvimbe, kisha achia mchi kabla ya kuchomoa. Usipoachia, seli hukimbilia ndani ya bomba na hupati cha kupaka. Kwa kosa hilo nilimrudisha mama mmoja achomwe tena. Uso wake naukumbuka hadi leo.

Paka seli hizo kwenye vioo viwili vya hadubini. Kimoja kitumbukize papo hapo kwenye alkoholi ya asilimia 95, kingine kikauke kwa hewa. Andika jina la mgonjwa kwenye vioo kwa penseli, maana wino huyeyuka.

Majibu yakisema hakuna saratani na uvimbe unazidi kukua, usiridhike: omba kinyama kikatwe kipimwe.