Filamu ya Ndoo: Jinsi ya Kutengeneza Filamu Fupi kwa Simu Ukiwa Dodoma

Mdogo wangu, umeniuliza mara tatu ununue kamera gani ili uanze kutengeneza filamu. Filamu yenyewe itahusu nini, hujaniambia. Sikulaumu, nami nilianza hivyohivyo. Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma takwimu, nimepanga chumba Ng'ong'ona, na muhula mzima nikauchezea kwa kuangalia bei za kamera ambazo hata bumu (hela ya mkopo wa chuo) la miaka mitatu lisingefua dafu. Mwishowe nilipiga filamu yangu ya kwanza kwa simu yenye ufa kwenye kioo. Ikaharibika, na simu haikuwa na kosa. Tukairudia mwezi uliofuata. Karibu yote ninayoyajua niliyapata kati ya ile iliyoharibika na ile tuliyoirudia, kwa hiyo nakueleza zote mbili.

Anza na hadithi, na iwe ndogo kuliko unavyodhani. Wazo langu la kwanza lilikuwa hili: kijana anatoka Manyoni kuja mjini kutafuta kazi, anaibiwa, anampenda binti wa mheshimiwa, anafungwa, anatoka, analipiza kisasi. Hiyo ni tamthilia ya mwaka mzima. Filamu ya dakika tano inambeba mtu mmoja anayetaka kitu kimoja, na jambo moja linalomzuia.

Yetu ikawa hivi. Maji yamekatika siku ya tatu kwenye nyumba ya wapangaji. Binti ana ndoo mbili zilizojaa. Asubuhi anakuta imebaki moja, na ya pili anaiona mlangoni kwa jirani ambaye wiki iliyopita alimkopesha nauli ya kwenda msibani. Aidai au anyamaze? Basi, hakuna zaidi. Ua mmoja, waigizaji watatu, ndoo mbili. Vyote vilikuwa hatua ishirini kutoka kitandani kwangu, na maji kukatika hatukuhitaji kuyabuni. Kwa hiyo kabla hujaandika neno, zunguka unapoishi ukiwa na daftari, uorodheshe ulivyonavyo: ngazi, mbuzi wa jirani, duka la Mangi, shangazi mwenye mdomo. Hadithi itoke humo.

Skripti ya kurasa tano inatosha, maana ukurasa mmoja hukupa kama dakika moja. Andika kinachoonekana na kinachosikika tu. Mimi niliandika "Binti anajisikia kusalitiwa", na siku ya kupiga, aliyeigiza akaniuliza, "Sasa dada, hapo nifanye nini?" Sikuwa na jibu. Tukafuta, tukaandika: "Anafunua ndoo iliyobaki, anatazama maji, anaifunika tena." Hilo hata mtoto anaweza kuliigiza.

Suala la kibali usiliache mpaka siku ya mwisho. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976 na inasimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania. Waulize mapema, hasa kama unakusudia kuionyesha hadharani. Mbali na hao, muombe ruhusa mwenye nyumba, na ukitoka nje ya ua pita kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na kitambulisho cha chuo. Na usisahau uko makao makuu ya nchi. Bungeni, Mji wa Serikali kule Mtumba na penye walinzi wenye bunduki si mahali pa kuinua simu na kusema unajifunza.

Vifaa nitavipitia haraka. Stendi ya simu nilinunua shilingi 18,000, maiki ya waya ya kubana kolani shilingi 10,000. Nikaazima simu ya pili kwa ajili ya sauti, shuka jeupe la kuakisi mwanga, na pawabenki. Simu inayopiga picha iweke kwenye hali ya ndege. Teki yetu (yaani kurekodi mara moja bila kukatiza) nzuri kuliko zote siku ya kwanza ilikatwa na mama yangu, aliyepiga kuuliza kama nimekula. Huwezi kumkatia mama simu, ukizingatia alikuwa amenitumia hela ya chakula jana yake.

Kabla ya kupiga, ingia kwenye mipangilio. Simu nyingi zinakuja zikipiga fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 mfululizo zinazounda video. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ndani hupepesa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, lakini kamera inaona. Sini (tukio) yetu ya usiku, ile ya ndoo kupotea, ilitoka na michirizi myeusi inayopanda ukutani kama moshi, na sote tukadhani simu imekufa. Weka fremu 25, na kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde. Kama kamera ya simu yako hairuhusu, Open Camera ni programu ya bure kwa simu za Android, ingawa si kila simu itakubali. Tuliporudia, michirizi haikuonekana tena.

Jingine ni ukuta mweupe. Simu ikiona ukuta mweupe inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na sura zetu zinageuka kivuli chenye meno. Gusa uso wa mwigizaji kwenye kioo, shikilia mpaka mwanga na foka (ukali wa picha) vijifunge, ndipo upige. Na mkwepeshe mwigizaji jua la saa sita. Dodoma jua la mchana linamchimba mtu mashimo machoni. Msimamishe mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, akitazama nje. Mwanga wa mlango ni laini, unatosha, na hautozi senti. Ukitaka nje, piga asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na moja.

Sasa sauti, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo filamu ya kwanza ilipofia.

Tulipiga mwezi wa nane. Unaujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane, ule unaobeba vumbi, mifuko na kanga za watu. Sisi tulikuwa tunatazama picha tu. Picha ilikuwa nzuri: nywele zinapepea, vumbi linapita nyuma, nikajiona muongozaji. Usiku nikavaa hedifoni. Mazungumzo yote, dakika mbili na nusu, yalikuwa "pupupupu" na chini yake mtu anasema kitu kuhusu ndoo. Nikajaribu kusafisha kwa programu. Sauti ikawa ya mtu anayeongea ndani ya bomba. Nikalia kidogo, nakiri.

Mtazamaji atakuvumilia picha yenye chengachenga. Sauti asiyoielewa hakuvumilii, anaanza kuchat. Kwa hiyo tuliporudia tulifanya haya. Fundi masofa mmoja wa Majengo alinipa vipande vya sponji bure, nikatoboa kimoja, nikakivisha kichwa cha maiki, juu yake nikavuta soksi ya mtoto ya sufu. Maiki tukaificha ndani ya kanga, kifuani, upande usiopigwa na upepo, tukaibana na plasta ili kitambaa kisikwaruze. Ikaingia kwenye simu ya pili, iliyokaa mfukoni mwa mwigizaji, inarekodi muda wote. Kabla ya kila teki mtu mmoja anasimama mbele ya kamera, anasema namba ya sini na teki, anapiga kofi moja. Wakati wa kuhariri unatafuta mikono inapokutana kwenye picha, unatafuta mlio wa kofi kwenye sauti, unavipanga pamoja. Kofi hilo litakuokolea usiku mzima.

Halafu, ukimaliza kila lokesheni, waambie wote wanyamaze sekunde 30, urekodi ukimya. Watakucheka, rekodi hivyohivyo. Ukimya wa ua wetu una kuku, una bodaboda ya mbali, una jenereta ya fundi welda. Ukikata maneno na kuacha tundu tupu, sikio la mtazamaji linashtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Ule ukimya uliorekodi ndio unaoziba tundu.

Na kama upepo umegoma kutulia, usishindane nao. Mwisho tulihamisha mazungumzo yote ndani ya chumba, tukatundika blanketi nyuma ya kamera ili sauti isirudi kutoka kwenye kuta tupu. Nje tukabakiza sini zisizo na maneno.

Siku ya kupiga ina mitego mingine miwili. Mmoja ni macho. Wasichana wetu wawili walikuwa wanaongea wakitazamana, lakini kwenye filamu wote wawili wakatazama kushoto, kana kwamba wanamsemesha mtu wa tatu aliyeko nje ya picha. Chora mstari kwa kijiti kwenye vumbi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo, usiuvuke. Mmoja atatazama kushoto, mwingine kulia, na mtazamaji ataelewa wanatazamana.

Mtego wa pili ni vitu na vivuli. Tulianza saa nne asubuhi, tukamaliza saa kumi na moja jioni, sini moja ya dakika moja. Kivuli cha ndoo kiko kushoto, kulia, kushoto tena. Kifuniko kipo, hakipo, kipo. Kuanzia hapo tukamteua mmoja wetu asiigize wala asishike kamera. Kazi yake ni kupiga picha ya kila kitu mwisho wa shoti, na kutugombeza. Mchague rafiki yako mwenye gubu. Chakula pia panga: tulipika wali maharage kwa watu sita, maana waigizaji wasiolipwa wakiwa na njaa hukumbuka ghafla kwamba wana jaribio kesho.

Jirani aliyechukua ndoo aliigizwa na mama mwenye nyumba wetu. Nilimwendea kwa "Shikamoo mama", akaitikia "Marahaba mwanangu, kodi?" Nikamwambia hapana, leo nimekuja kwa jambo jingine. Alikubali kwa sharti moja: asivae gauni lililochakaa. Nilikuwa nimemwandikia mistari minane ya kujitetea baada ya binti kuja kuulizia ndoo. Akaisoma kwa miwani, akanirudishia karatasi. "Mwanangu, mtu mzima aliyechukua maji ya mtoto hasemi maneno yote haya. Anamkaribisha chai."

Tukafuta mistari minane. Binti anakuja, mama anamtazama, anatazama ndoo, anavuta kigoda: "Karibu chai, mwanangu." Chai imepikwa kwa maji yaleyale. Hakuna mtu aliyekuwa amelifikiria hilo mpaka tulipoona mvuke unapanda kwenye kikombe. Kwa hiyo skripti yako ikishafika mikononi mwa mwigizaji, hasa aliyekuzidi umri, muulize yeye angesemaje, kisha urekodi na jibu lake.

Kuhariri sitakuchosha nako. Nilitumia CapCut kwenye simu. Baadaye rafiki akaniwekea DaVinci Resolve ya bure kwenye kompyuta yake, ambayo ni nzito na inataka mashine yenye nguvu. Programu utaizoea ndani ya wiki. Kinachouma ni kutupa. Nakala ya kwanza ilikuwa dakika tisa. Ilianza na shoti ya jua likichomoza nyuma ya vilima, sekunde 40, niliyoamka saa kumi usiku kuipiga. Nikaonyesha watu watatu; wote watatu walishika simu zao kabla ndoo haijaonekana. Nikaitoa. Sasa filamu inaanza na mkono unaofungua bomba na bomba linalotoa hewa tu. Imebaki dakika nne na sekunde arobaini.

Muziki usichukue wa msanii unayempenda, una mwenyewe. Mtaa wa pili kwetu kuna babu anayepiga zeze. Tulikwenda na kilo mbili za sukari, tukamsalimu "Mbukwa" kwa Kigogo chetu cha kuokoteza, akacheka, akatupigia nusu saa. Tumetumia sekunde kumi na tano, mwishoni. Jina lake tumeliandika kwenye orodha ya walioshiriki kwa herufi zilezile kubwa kama la muongozaji.

Kabla hujafuta chochote kwenye simu, weka nakala sehemu mbili, moja isiwe ya mtandaoni, maana bando likikata utakaa bila kazi yako. Ukiipenda sana, kuna ZIFF kule Zanzibar, tamasha la filamu lililoanza 1998 na linalopokea filamu fupi. Lakini waonyeshe kwanza wale uliowapiga.

Sisi tuliwaonyesha uani. Shuka lilelile jeupe ukutani, projekta ya kuazima, mikeka, watoto mbele. Ilipofika sehemu ya chai watu wakanyamaza, halafu mama mmoja nyuma akasema "Mh!" kwa sauti ndefu, na hiyo "Mh" nimeihifadhi kwenye simu mpaka leo. Taa ziliporudi nikamfuata mama mwenye nyumba kumuuliza ameionaje. Alikuwa bado anatazama ukutani.

"Nzuri," akasema. "Na ile ndoo yangu mliyoazima kwa ajili ya mapicha yenu, iko wapi?"

Ilikuwa chini ya kitanda changu, wiki ya tatu hiyo. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa daftari lako chora safu tatu: kitu, mwenyewe, tarehe ya kurudisha. Ijaze siku hiyohiyo unayoazima.