Shela Lililobana na Shela Linalopwaya: Namna ya Kulirekebisha

Hapa Tanga bibi harusi hupimwa mwili leo na kuvaa shela baada ya wiki nyingi, na katikati ya siku hizo mwili haukai ulivyoachwa. Akiwekwa ndani na somo wake, yaani mwanamke anayemfunda, akasingwa na kupikiwa vizuri bila kutoka juani, hunenepa. Akipimwa mwezi wa Shaabani kwa harusi ya mfungo mosi, huenda Ramadhani ikampunguza. Wapo pia wanaoazima shela la dada, na wapo waliojifungua karibuni. Kwa hiyo vipimo vya mwisho vichukuliwe wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe, bibi harusi akiwa amevaa sidiria na viatu atakavyovaa siku hiyo, na apimwe mara mbili: akiwa amesimama na akiwa ameketi. Kipimo cha kuketi ndicho kinachosahauliwa, ilhali jukwaani atakaa saa nyingi, na nyonga na tumbo hutanuka mtu anapoketi.

Anza na shela lililobana, kwa kuwa ndilo linalowatisha watu zaidi. Ligeuze ndani nje, kisha utazame mishono miwili ya ubavuni na upime kitambaa cha akiba kilichobaki ndani. Hesabu yake ni nyepesi: kila mshono una kingo mbili, hivyo mishono miwili ina kingo nne. Ikiwa kila ukingo una akiba ya inchi moja, unaweza kutoa nusu inchi na kubakiza nusu nyingine ishike mshono, na shela lote litaongezeka inchi mbili. Ikiwa oveloki imekula kitambaa hadi kikabaki robo inchi, hapo hakuna cha kutoa, na fundi asijidanganye.

Kabla ya kufumua ubavu wote, fumua inchi mbili tu chini ya kwapa, uipige pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa chembamba, kisha uitazame mwangani. Satini huweka alama. Matundu ya sindano ya zamani na mstari wa kunjo la kwanza huweza kubaki pale pale. Alama zikibaki, panga mapema kuzifunika kwa lesi.

Akiba isipotosha, ndipo ninapowakumbusha wanafunzi wangu kanzu. Badani ya kanzu, yaani kipande chake kikuu cha mbele na nyuma, ni nyembamba; upana wake unatokana na taharizi, kile kipande kinachoshuka kutoka kwapani hadi kwenye pindo, na wepesi wa mkono unatokana na kikwapa, kile kipande kidogo cha chini ya kwapa. Shela lililobana linahitaji kitu hicho hicho. Tuseme zinahitajika inchi tatu: kila ubavu utapata taharizi yenye upana wa inchi moja na nusu unaoonekana, nawe utaikata inchi mbili na nusu, ili kila upande uwe na nusu inchi ya kushonea. Shela lililotanuka kuanzia kiunoni linatosheka na taharizi inayochongoka na kuishia chini kidogo ya kiuno. Lile linalobana mapaja kwa mtindo wa mkia wa samaki halina njia ya mkato. Taharizi lazima ipite nyonga na kufika pale sketi inapoachia.

Kitambaa chake kitafutwe kwanza kwenye shela lenyewe, hasa kwenye mkia, kwa sababu nyeupe haifanani na nyeupe. Ukilazimika kununua, beba shela na ulinganishe nje ya duka, kwenye mwanga wa jua, maana chini ya taa hata rangi ya maziwa huonekana nyeupe. Mkono ukibana, tia kikwapa cha mraba wa inchi tatu, kisha umwambie bibi harusi anyanyue mikono kama anayevishwa mtandio.

Bitana ipanuliwe kwa kipimo kile kile. Niliwahi kupanua upande wa juu nikaisahau bitana, na bibi harusi alipoketi ilipasuka kwa mlio; ilikuwa bahati yangu kwamba ngoma zilikuwa zimekolea.

Mama anayenyonyesha ana shauri lake peke yake, kwa sababu kifua chake hakiwi na kipimo kimoja asubuhi na jioni. Kwake yeye ninaondoa zipu ya mgongoni na kushona vitanzi vya satini pande mbili, vipitishwe kamba, na chini yake kipande cha kitambaa kinachositiri mgongo. Kamba hulegezwa na kukazwa bila fundi kuitwa.

Shela linalopwaya ni rahisi zaidi, lakini huharibiwa na haraka. Livaliwe likiwa upande wake wa kawaida, lisigeuzwe, kwa kuwa bega na nyonga za kulia si lazima zilingane na za kushoto. Bana kwa pini, upige bandi, ule mshono wa muda, kwa mkono, mvaaji atembee na kuketi, ndipo cherehani ifuate, yenye sindano nyembamba ya namba 11 badala ya ile nene inayovuta nyuzi. Kipimo kikizidi inchi mbili, usikitoe chote ubavuni, maana kifua kitavutwa kuelekea kwapani. Kigawe kati ya ubavu, mgongo na mikunjo ya chini ya matiti. Kola ikishuka, tatizo liko begani, na hakuna kiasi cha kubana kiuno kitakacholiponya. Kitambaa kilichozidi usikikate. Mwili uliopungua unaweza kurudi kabla ya harusi.

Shanga zilizo kwenye njia ya mshono huvunja sindano. Ziondoe umbali wa nusu inchi kila upande, ufunge fundo kwenye uzi uliobaki ili zile za jirani zisimwagike, na ukimaliza uzirudishe kwa mkono. Maua ya lesi nayo yafumuliwe, yawekwe kando, kisha yalazwe juu ya mshono mpya. Hayo ndiyo yanayoficha kazi yote.

Shela la kukodi lisitiwe mkasi kabisa bila ruhusa ya mwenyewe. Bandi ya mkono inatosha, nayo hufumuliwa siku ya kurudisha.

Kazi ikiisha, kagua upya pindo la mbele, kwa kuwa tumbo au kifua kikiongezeka huinua nguo na viatu vikaonekana. Toa pini zote kabla ya kulitundika, usiache hata moja kwa siku mbili, kwani hewa ya pwani yetu huzitia kutu upesi, na doa la kutu kwenye satini nyeupe halina dawa nyepesi. Lifunike kwa shuka la pamba, siyo mfuko wa nailoni, ili lisifungie unyevu ndani.