Jinsi ya Kukusanya na Kutumia Pointi za Safari kwa Manunuzi ya Kila Siku

Pointi za safari ni punguzo la bei ambalo mnunuzi hulipokea kwa kuchelewa, na anayelielewa hilo tangu mwanzo huepuka hasara nyingi zinazowapata wanaozichukulia kuwa fedha ya bure. Benki inayokupa pointi kila unapochanja kadi dukani huzinunua pointi hizo kutoka kwa shirika la ndege, na fedha ya kuzinunulia hutoka kwenye makato anayokatwa mwenye duka kadi inapopita kwenye mashine yake, pamoja na ada na riba wanazolipa wenye kadi wenyewe. Mwongozo huu unamlenga mkazi wa Dar es Salaam mwenye matumizi ya kawaida ya nyumbani, ambaye angependa matumizi hayo siku moja yampunguzie nauli ya kwenda Dubai, Mumbai, Guangzhou au Jeddah kwa Umra, bila kumwongezea deni hata la shilingi moja.

Chagua shirika kabla ya kuchagua kadi

Watu wengi huanza na kadi kwa sababu ndiyo inayotangazwa, ilhali jambo la kuamua mwanzo ni shirika la ndege utakalolitumia. Tazama safari za familia yako: mnakwenda wapi, na mnapita wapi? Anayepanda Emirates kwenda Dubai atajiunga na Skywards, ambao ndio mpango wa pointi wa shirika hilo. Anayepitia Addis Ababa kwa Ethiopian atajiunga na ShebaMiles. Anayepitia Nairobi kwa Kenya Airways ataingia Asante Rewards. Anayepitia Doha atatumia Privilege Club ya Qatar Airways, ambayo tangu mwaka 2022 huziita pointi zake Avios. Na wa KLM atakuwa na Flying Blue. Kujiunga ni bure na hufanyika mtandaoni kwa dakika chache, ila jina uliandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa kuwa tofauti ndogo ya tahajia inatosha kuzuia pointi kuingia.

Usisahau pia miungano ya mashirika. Ethiopian imo katika Star Alliance tangu mwaka 2011, na Turkish Airlines imo humo pia, kwa hiyo maili (ndivyo mashirika mengi yanavyoziita pointi zao) za ShebaMiles zinaweza kukununulia kiti cha Turkish, na safari ya Turkish inaweza kuingizwa ShebaMiles. Kenya Airways na KLM zimo SkyTeam, na Qatar Airways imo oneworld. Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu, ingawa ina mashirika rafiki ya kwake.

Kwa mtu anayekusanya polepole kupitia manunuzi, kanuni ya muda wa pointi kuisha ina uzito kuliko karibu kila kitu kingine, na ndiyo ambayo watu hawaisomi. Maili za Skywards hudumu walau miaka mitatu tangu zilipopatikana, kisha huisha mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa, hata kama akaunti yako ina shughuli kila wiki. Avios za Qatar Airways hufuata utaratibu tofauti: huisha endapo akaunti itakaa miezi 36 bila kupata wala kutumia pointi, na kila unapoingiza au kutoa chochote saa huanza kuhesabu upya. Maana yake ni kwamba mwenye matumizi madogo lakini ya mara kwa mara analindwa zaidi na utaratibu wa pili, wakati utaratibu wa kwanza unamfaa anayesafiri kila mwaka. Mimi humshauri kila anayeniuliza ashike mpango mmoja, na wa pili tu iwapo kuna sababu ya msingi, kwa sababu pointi 4,000 zilizotawanyika katika mipango mitano hazimpeleki mtu popote.

Hesabu ya kufanya kabla ya kujaza fomu ya kadi

Chukua karatasi na kalamu, kwani hapa ndipo uamuzi wote ulipo. Tuseme familia moja ya Tabata hutumia shilingi 600,000 kwa mwezi katika maduka yanayopokea kadi, na tuseme kadi yao inatoa maili moja kwa kila shilingi 2,500. Kwa mwezi watapata maili 240, kwa mwaka 2,880, na kwa miaka mitatu 8,640. Ikiwa tiketi ya kwenda na kurudi Dubai inahitaji maili 40,000, manunuzi peke yake yatawachukua karibu miaka 14 kuifikia, na kama mpango wao unafuta pointi baada ya miaka mitatu, hawataifikia kamwe. Namba hizi ni za mfano, na kila msomaji aweke za kwake, lakini sura ya jibu haibadiliki sana kwa mshahara wa kawaida wa mjini: manunuzi ya nyumbani hujazia pointi zinazotokana na safari zenyewe, na ni nadra kutosha yakiwa peke yake.

Sasa tafuta thamani ya maili moja. Chukua bei ya tiketi hiyo kwa fedha taslimu, ondoa kodi na ada ambazo utalipa hata ukitumia pointi, kisha gawanya kinachobaki kwa idadi ya pointi zinazotakiwa. Tiketi ikiuzwa shilingi 1,400,000, na tiketi hiyo kwa pointi ikakutoza kodi na ada za shilingi 400,000, umeokoa 1,000,000. Gawanya kwa 40,000 na utapata shilingi 25 kwa kila maili. Kwa kuwa ulitumia shilingi 2,500 kuipata maili moja, unachorudishiwa ni asilimia moja ya matumizi yako.

Asilimia hiyo moja ishike vizuri, kwa sababu ndiyo mizani ya kila jambo linalofuata. Familia yetu ya Tabata inatumia shilingi 7,200,000 kwa mwaka, hivyo pointi zao zina thamani ya takriban shilingi 72,000. Kadi yenye ada ya mwaka ya shilingi 100,000 inawatia hasara ya 28,000 hata kabla hawajakosea popote. Muuza duka akiongeza asilimia mbili kwa anayelipa kwa kadi, umelipa mbili ili upate moja. Na ukiwa na kadi ya mkopo usiyoilipa yote mwisho wa mwezi, riba ya mwezi mmoja tu inaweza kumeza pointi za miezi kadhaa. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye bado ana salio la deni kwenye kadi aache kabisa habari ya pointi mpaka deni liishe. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu matangazo ya kadi hayalisemi.

Dukani na kwenye malipo ya nyumbani

Malipo mengi ya Dar es Salaam siku hizi hupita kwenye simu. Ukilipa kwa Lipa Namba kutoka kwenye salio la simu, kadi haikuguswa, na pointi za benki hazipo. Ukihamisha fedha kutoka kadi kwenda kwenye simu ili ulipie humo, masharti ya kadi nyingi huuhesabu uhamisho huo sawa na kutoa fedha taslimu, ambako hakuna pointi na mara nyingi kuna makato. Umeme wa LUKU, maji, na malipo ya serikali kwa namba ya kumbukumbu navyo mara nyingi huwekwa nje ya mpango. Yanayobaki kwa mkazi wa kawaida ni supamaketi, vituo vya mafuta, maduka ya dawa, hospitali binafsi, migahawa, vifaa vya umeme, na shule zinazopokea kadi. Ada ya shule ndiyo mara nyingi malipo makubwa kuliko yote ya mwaka, hivyo mpigie mhasibu wa shule umuulize kama wanapokea kadi na kama wanaongeza chochote juu yake.

Kuna jambo moja dogo linalowachanganya wengi: umenunua vitu vilevile katika maduka mawili, duka moja likaleta pointi na jingine halikuleta. Kila mashine ya kadi imesajiliwa kwa namba ya tarakimu nne inayoonyesha aina ya biashara, na benki huangalia namba hiyo wala haiangalii kilichomo kwenye mfuko wako. Duka la vyakula lililomo ndani ya kituo cha mafuta linaweza kusomeka kama kituo cha mafuta. Njia ya kujua ni kununua kitu kidogo kwanza, kusubiri taarifa ya kadi ya mwezi huo, na kutazama mstari wa duka hilo: jina, tarehe, kiasi, na pointi zilizoingia. Mpaka mstari huo uonekane, tunza vipande vyote viwili vya karatasi, yaani risiti ya EFD na kile kipande kinachotoka kwenye mashine ya kadi, kwa kuwa kipande hiki cha pili ndicho chenye namba ya muamala utakayoulizwa ukipiga simu benki kudai pointi zako.

Kariakoo ni habari nyingine kabisa. Kule bei hupatikana kwa mazungumzo, na mwenye fedha mkononi hupunguziwa kwa urahisi zaidi. Ukipunguziwa shilingi 5,000 kwenye kitenge cha 50,000 kwa kulipa taslimu, umepata asilimia kumi papo hapo, na hakuna kadi ya pointi inayoikaribia. Lipa taslimu na uende zako.

Tofautisha pia pointi na bahati nasibu. Kampeni kama MastaBata ya NMB huwazawadia baadhi ya wanaochanja kadi, na safari zimewahi kuwa miongoni mwa zawadi zake. Hakuna ubaya kuingia humo kwa manunuzi ambayo ungeyafanya hata hivyo, lakini bahati haiwekwi kwenye bajeti. Pointi za supamaketi na zile za kampuni za simu, kama Tuzo Pointi za Vodacom, nazo kwa kawaida haziwi tiketi ya ndege. Mimi hupendekeza uzitumie mapema kwa kile zinachotoa, kisha fedha uliyookoa uitenge kwenye akaunti ya safari siku hiyohiyo. Haraka hiyo ina sababu. Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilichukua maduka ya Shoprite ya Dar es Salaam mwaka 2014, likiwemo la Mlimani City, na ilikuwa na kadi yake ya pointi. Miaka michache baadaye kampuni iliporomoka na milango ikafungwa. Pointi ni ahadi ya mwenye duka, na ahadi hiyo haina bima kama amana ya benki.

Kuhusu usalama, akaunti ya pointi ni mali na huibiwa kama mali nyingine. Nenosiri lake lisiwe lile la barua pepe. Yeyote anayekupigia akidai pointi zako zinaisha leo na anataka namba ya siri uliyotumiwa kwa meseji ni ndugu yake yule wa «ile hela tuma kwenye namba hii»; mkatie simu, kisha ingia mwenyewe kwenye programu ya shirika uangalie salio. Na ukichoshwa na matangazo yanayotumwa kwa namba uliyoitaja kaunta, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuyazuia.

Wakati wa kuzitumia

Viti vinavyotolewa kwa pointi huwa vichache katika kila ndege, hasa Desemba na likizo za shule za Juni, hivyo tafuta miezi tisa au kumi kabla, na uwe tayari kusogeza tarehe kwa siku mbili tatu. Kabla ya kubonyeza, rudia ile hesabu ya thamani kwa safari hiyo mahususi. Ada ya huduma ya abiria ya dola 40 kwa safari ya kimataifa kutoka Uwanja wa Julius Nyerere italipwa kwa fedha hata kwa tiketi ya pointi, na baadhi ya mashirika huongeza tozo yao wenyewe ambayo inaweza kuwa kubwa kuliko kodi zote. Ukikuta kila pointi inakupa thamani ndogo kuliko uliyozoea, lipa fedha na uzihifadhi pointi kwa safari nyingine, isipokuwa kama zinakaribia kuisha.

Kwa kawaida thamani huwa kubwa kwenye safari ndefu, kwenye tarehe ambazo nauli imepanda, na kwenye kuhamia daraja la juu. Huwa ndogo kwenye vocha za maduka na bidhaa za katalogi. Safari fupi za ndani nazo ni za kupima kwa uangalifu. Kwenda Dodoma, kwa mfano, nauli ya kawaida ya treni ya SGR iliyopangwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000, na kwa bei ya namna hiyo kuchoma maelfu ya maili kwa kiti cha ndege kunahitaji sababu nzito, kama vile mgonjwa au kikao kisichosubiri.

Salio lisipotosha, angalia mambo mawili. Mipango kadhaa, ikiwemo Skywards kupitia utaratibu wake wa My Family, huruhusu mume, mke na watoto kuchangia katika kapu moja, na mara nyingi hapo ndipo upungufu huisha. Kununua pointi zinazopungua kwa fedha ni njia ya pili, nayo ina maana tu ikiwa upungufu ni mdogo na tiketi tayari umeiona ikiwa wazi. Ukishakata tiketi, soma masharti ya kughairi siku hiyohiyo: shirika hurudisha pointi kwa ada gani, kabla ya saa ngapi, na kama pointi ambazo muda wake umepita wakati tiketi ikiwa mkononi mwako zitarudi au zitapotea.