Kupima kolini inavyoingia kwenye neva za mende, na mtego wa chumvi

Juzi mwanafunzi wa uzamili aliniletea grafu yake akiwa na furaha. Alipoondoa sodiamu, kolini, malighafi ya asetilikolini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva), haikuingia kwenye neva hata chembe. Sifuri. Nikamuuliza swali moja tu: "Sodiamu uliibadilisha na nini?" Nililijua jibu kabla hajalitoa, maana kosa hilo lilishanila wiki mbili.

Ninatumia mende mkubwa, Periplaneta americana. Kwetu sisi asetilikolini ndiyo inayoamrisha misuli, lakini kwa wadudu kazi hiyo inafanywa na glutamati, na asetilikolini imejaa kwenye mfumo wa kati wa neva. Ikishafanya kazi yake inavunjwa, na kolini inarudishwa ndani ya ncha za neva ili itumike tena. Huko kurudishwa ndiko tunakopima.

Hatua ya 1. Mpoze mende kwenye barafu, mfungue kwa mgongoni, toa utumbo. Uzi mweupe wa neva uko chini, umelala kwenye tumbo. Chukua kifundo (fungu la seli za neva kwenye uzi huo) cha sita cha tumbo, cha mwisho kabisa, kwa sababu neva za mikia miwili ya nyuma zinaingia hapo na zinatumia asetilikolini.

Hatua ya 2. Chana ala inayokifunika kifundo kwa kibano chenye ncha kali. Usipoichana utakuwa unapima ugumu wa ala.

Hatua ya 3. Andaa maji ya chumvi ya aina mbili, yenye sodiamu na yasiyo nayo. Hapa tulia.

Vitabu vingi vya elektrofiziolojia vinashauri kubadilisha sodiamu kloridi na kolini kloridi. Kwa anayepima umeme, sawa. Kwako wewe ni balaa. Maji ya mende yana chumvi ya milimola 200 hivi, na kolini yako yenye tritiamu (hidrojeni yenye mionzi, ndiyo alama yako) ni mikromola 1. Ukiweka kolini kloridi kiasi hicho, kila molekuli yenye alama inashindana na 200,000 zisizo na alama. Mashine ya kuhesabu mionzi itasoma karibu sifuri, nawe utadhani umegundua jambo. Dalili ni hiyo sifuri yenyewe: kolini ina njia mbili za kuingia, moja yenye mvuto mkubwa (huinasa kolini hata ikiwa kidogo) inayodai sodiamu, nyingine yenye mvuto mdogo isiyoidai. Ukiondoa sodiamu, hiyo ya pili lazima ibaki.

Sukari? Hapana. Ukiweka sukrosi umeondoa na kloridi, ambayo mlango wenye mvuto mkubwa unaihitaji pia, kwa hiyo hujui kilichouzuia ni kipi. Lithiamu siipendi: inafanana mno na sodiamu, na baadhi ya milango ya seli huipokea. Mimi natumia N-methili-D-glukamini tu, molekuli kubwa inayoshika nafasi ya sodiamu bila kufanya kazi yake. Ila ni besi kali, kwa hiyo itulize kwa asidi hidrokloriki *kabla* ya kuongeza kalisi. Pia winda sodiamu iliyojificha: bafa (kemikali ya kutuliza pH) ya fosfeti ya sodiamu, au matone ya sodiamu hidroksidi uliyorekebishia pH. Tumia bafa ya HEPES na potasiamu hidroksidi, kisha punguza potasiamu kloridi kwa kiasi hicho hicho, la sivyo potasiamu itazisisimua neva.

Hatua ya 4. Loweka vifundo dakika 10 bila mionzi. Kundi moja liwe na hemikolini-3, mikromola 10, kwa sababu ndiyo inayofunga mlango wenye mvuto mkubwa. Kisha weka kolini yenye tritiamu kwa dakika 5.

Hatua ya 5. Suuza haraka kwa maji ya chumvi ya baridi, yeyusha, hesabu. Ukiyeyushia hidroksidi, itulize kwa asidi na uache vichupa gizani kwanza, maana kemikali hizo zinatoa mwanga wake zenyewe na mashine itauhesabu. Kipima mionzi cha mkononi hakiioni tritiamu, kwa hiyo pangusa meza na usome vitambaa kwenye mashine ile ile.

Hatua ya 6. Usiandike kwamba yote yaliyoingia yamekuwa asetilikolini. Sehemu yake inageuzwa fosfokolini na kuelekea kwenye utando wa seli. Zitenganishe kwanza, ndipo useme.

Mwanafunzi amerudia kwa glukamini. Bila sodiamu hesabu imeshuka sana, ila imebaki, na inakaribiana na ya kundi la hemikolini. Grafu hii haina uzuri wa ile ya kwanza, lakini ndiyo nimemwambia aiweke kwenye tasnifu.