Tembea, mama, ila ndoo mwachie mwingine

Mimba yangu ya kwanza niliilea Lushoto, ambako nyumba iko juu na maji yako bondeni. Hadi mwezi wa nane nilikuwa napandisha ndoo ya lita 20 kichwani, ngata imelowa, na siku nyingine nimeshindia chai na muhogo. Binti yangu alizaliwa na gramu 2,300. Tulimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, akanenepa. Sisemi kosa lilikuwa la ndoo peke yake. Lakini nilipokuja kusomea ukunga ndipo nilipojua kwamba mazoezi ni jambo moja, na kusulubika na njaa ni jambo jingine kabisa.

Anzia kliniki. Kama kondo la nyuma limekaa chini, mlango wa kizazi umelegea, una presha ya mimba au damu imepungua sana, usianze mazoezi mpaka uambiwe.

Ukiruhusiwa, lengo la Shirika la Afya Duniani ni angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Ni nusu saa, siku tano. Hukuzoea? Anza na dakika 10. Tembea na mtu wa kupiga naye soga, maana kipimo chako ni mdomo: ukimaliza sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo ni mzuri. Ukianza kujibu "ee" na "mm" tu, punguza. Mlimani utafika hapo upesi. Simama, shika kiuno, pumua, ndipo uendelee. Toka jua likiwa bado pole, beba maji ya kunywa, na kandambili ziache nyumbani, zinateleza. Baada ya miezi mitatu ya kwanza usifanye mazoezi ukiwa umelala chali, kwa sababu tumbo huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Mama wakwe wengi huniuliza, "Akitembea hivyo, mtoto si atakuwa kijidogo?" Hapana, mama. Mjamzito mwenye afya anayekula vizuri hazai mtoto mdogo kwa sababu ya kutembea. Kinachopungua ni uwezekano wa mtoto kupita kilo 4. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari. Sukari ikizidi kwenye damu ya mama humfikia mtoto, naye hutengeneza insulini nyingi na kuigeuza sukari hiyo kuwa mafuta. Mtoto mkubwa mno anaweza kukwama mabega wakati wa kutoka, na hilo ni jambo la kutisha kwenye chumba cha kujifungulia.

Ila kuna wanaojinyima chakula ili mtoto awe mdogo, wajifungue kirahisi. Naomba sana, msifanye hivyo. Mtoto wa chini ya gramu 2,500 hupoa haraka na mara nyingi hana nguvu ya kunyonya. Kule Keneba, Gambia, watafiti waliona watoto waliozaliwa msimu wa mvua, mama zao wakilima kutwa na chakula kimepungua ghalani, walikuwa na uzito mdogo. Wajawazito walipopewa biskuti za karanga kila siku, watoto wa msimu huo waliongezeka kama gramu 200. Kwa hiyo kula kabla ya kutoka, hata viazi viwili, na ukirudi upate maharage, dagaa, mchicha, yai likipatikana.

Ukiona damu au maji yanatoka ukeni, tumbo linabana na kuachia, kizunguzungu, kifua kinauma, au mguu mmoja umevimba na kuuma nyuma ya goti, acha papo hapo uende kituo cha afya. Usisubiri kupambazuke.

Kuhusu maji, zungumza na wa nyumbani mapema, tumbo likiwa bado dogo. Mimba yangu ya pili mume wangu na wifi walipokezana ndoo. Mimi nilishuka nao bondeni kila asubuhi, nikapanda na kidumu cha lita 3, nikibadilisha mkono kila tulipofika kwenye kona.